Subaru STI kisiwani: kuhesabu na kupunguza gharama zake

Mwenye Impreza WRX STI akiulizwa gari yake inakula vipi, mara nyingi hujibu kwa fedha: naweka ya elfu hamsini, naenda Nungwi narudi, taa inawaka. Jibu hilo halimfai yeye wala fundi wake. Bei ya petroli hubadilika ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma Zanzibar, inapotangaza ya mwezi mpya, na taa ya mafuta haijapimwa kwa lita. Gari hii ihesabiwe kwa kilomita.

Jaza tangi, ambalo ni la lita 60, mpaka bomba la sheli likate lenyewe mara ya kwanza. Usiombe kuongezewa. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri, endesha kama siku zote mpaka ubakie na robo, kisha rudi sheli ile ile, na pampu ile ile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ikate. Mita ikisoma kilomita 312 na pampu lita 39, umepata kilomita 8 kwa lita. Rudia mara tatu uchukue wastani, kwa sababu povu la petroli na mteremko wa pale gari iliposimama vinatosha kupoteza lita nzima ya hesabu. Na kama ulivua tairi za 225/45R17 ukafunga 235/45R17, tairi mpya ni kubwa kwa karibu asilimia 1.4, kwa hiyo kilomita 312 za mita ni kama 316 za kweli.

STI ya lita 2 iliyo nzima hupata kilomita 6 hadi 7 kwa lita kwenye foleni za Darajani na Mwanakwerekwe, na 9 hadi 11 kwenye njia ndefu kwa mwendo wa 80. Ikikupa 5 kwenye njia ya Paje, usiseme ndivyo zilivyo hizi gari. Inaumwa.

Tabo inavyokula

Ukienda taratibu, kompyuta ya injini huchanganya gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ukikanyaga na tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, ikajaza, mchanganyiko hushuka hadi karibu 11 kwa 1. Petroli ile ya ziada haikupi mwendo. Inapooza chumba cha mwako ili pistoni isiungue. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kubana matumizi ni kipimo cha presha ya tabo, na kazi ya mguu ni kuuweka mshale chini ya sifuri. Panda gia mapema, kati ya mizunguko 2,500 na 3,000, lakini usiilazimishe injini kupanda mlima na gia ya tano kwenye mizunguko 1,500. Hapo itagonga, yaani petroli italipuka vibaya ndani ya silinda.

Pemba, ambako njia ya kutoka Chake kwenda Wete inapanda na kushuka, wengi huteremka na gia huru wakidhani wanaokoa mafuta. Ni kinyume chake. Gari ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali, kompyuta hukata petroli kabisa. Ukitoa gia, injini inabidi ichome petroli ili isizimike. Breki nazo hupata moto bure.

Jambo jingine ni oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili bila kugonga. STI za Japani zimepangiwa petroli ya daraja la juu la huko, ambayo kwa JIS, kiwango rasmi cha Japani, haipungui oktani 96 na pampuni mara nyingi hukaribia 100. Ukitia petroli ya oktani ndogo, hasa wakati wa joto la kaskazi hewa inapoingia injini ikiwa moto, sensa ya kugonga husikia injini inagonga na kompyuta huchelewesha cheche. Nguvu hupungua, unakanyaga zaidi, mafuta huenda. Usikubali mtu akuongezee presha ya tabo juu ya hali hiyo. Kugonga huvunja kuta nyembamba zinazoshika ringi za pistoni, na hapo bei yake ni injini. Anayetaka kupanga upya kompyuta aipangie petroli anayoipata hapa.

Kuutafuta ugonjwa

Anza na vya bure. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla gari haijatembea, na ufuate kibandiko cha mlangoni, ambacho kwa gari hizi huwa karibu psi 33. Kisha inua kila gurudumu na jeki, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeshushwa, magurudumu mengine yakiwa yamewekewa vizuizi. Lizungushe kwa mkono. Likiwa zito kuliko wenzake, kalipa, ile inayobana pedi za breki, imekwama. Kwenye hewa yetu ya chumvi pini za kalipa hushika kutu haraka, na gari huenda siku nzima ikiwa imefunga breki kidogo. Safisha pini, badilisha mipira yake, paka grisi ya silikoni inayohimili moto.

Cha pili, uliza kama thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ipo. Mafundi wengi huing'oa injini inapochemka, na mwenye gari haambiwi. Bila thamostati injini haifiki joto lake, kompyuta hudhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli, huku unyevu ukibaki ndani ya oili. Irudishwe, na kama injini inachemka basi tatizo ni rejeta, feni au gasketi ya hedi.

Cha tatu ni uvujaji wa hewa. Gari hizi hupima hewa inayoingia kwa sensa iliyoko baada ya filta. Hozi ya intakula, kile kipoza hewa ya tabo, ikipasuka, hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutoka nje tabo inapojaza, lakini petroli yake inaingia vile vile. Dalili ni moshi mweusi, harufu ya petroli na mluzi unapokanyaga. Fundi azibe mdomo wa tabo, aingize upepo usiozidi psi 15, na apake maji ya sabuni kwenye kila kiungo: povu litaonyesha. Vali ile ya kupumulia nje, inayopendwa kwa mlio wake, hufanya kosa hilo hilo kila unapobadili gia. Rudisha ya asili inayopeleka hewa ndani.

Ukipata skana, angalia marekebisho ya petroli ya muda mrefu (long-term fuel trim), yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Ndani ya asilimia 5, juu au chini, ni sawa. Yakizidi +10 gari ikiwa kwenye sailensa, yaani imesimama injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kuna hewa inaingia bila kupimwa au sensa ya hewa imechafuka, mara nyingi kwa mafuta ya zile filta za kupakwa oili. Isafishe kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kitambaa. Plagi ni nne. Zitolewe injini ikiwa baridi, pengo liwe milimita 0.7 hadi 0.8, na zikazwe kwa Nm 21 tu kwa sababu hedi ni ya aluminiamu.

Fedha isiyopita pampuni

Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Petroli ikiwa 3,000 kwa lita na gari inakwenda kilomita 8, ni shilingi 375 kwa kilomita. Tairi nne za 1,200,000 zikidumu kilomita 30,000 ni shilingi 40. Oili na filta, 150,000 kila kilomita 5,000, ni 30. Breki tuseme 10, na belti ya taimingi na vifaa vyake, 900,000 kwa kilomita 100,000, ni 9. Jumla ya hivyo vinne ni 89. Kwa maneno mengine, kila lita unayotia iende na shilingi 700 kwenye mkebe wa gari. Bima na ada za mwaka ziwe na mkebe wao.

Asiye na mkebe huo ndiye hununua tairi mbili badala ya nne. Gari hii inavuta kwa magurudumu yote, na tairi zikitofautiana mzunguko kwa zaidi ya milimita 6 difa ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Ndiye pia hupitisha oili kilomita 10,000. Tumia 5W-40 ya sinthetiki, lita 4 hadi 4.5, ukifuata kijiti, na kijiti kiangaliwe kila ukijaza tangi mara mbili. Dakika mbili za mwisho kabla ya kufika nenda pole, oili isije ikaganda kwa moto ndani ya tabo.

Belti ya taimingi haina onyo. Ikikatika, vali hukutana na pistoni. Gari iliyotoka Japani bila kumbukumbu ya kubadilishwa belti ihesabiwe haijabadilishwa, na seti iagizwe kamili: belti, tensheni, puli zote na pampu ya maji. Kwa walioko Pemba, agiza Dar mapema, ifike na boti kabla gari haijaingia gereji, kwa sababu kipuri kimoja kikikosekana injini hukaa wazi kwenye vumbi na chumvi.