Kabla Hujajiandikisha Kusomea Upolisi au Zimamoto Marekani

Vijana wetu waliokulia Columbus, Louisville, Dallas na Phoenix siku hizi wanazitaka kazi za sare, na mimi nafurahi sana. Zimamoto ina mshahara wa kueleweka, bima na pensheni. Tena miji hiyo inahitaji askari anayeweza kumwambia mama wa Kikongo kwa Kiswahili atoke nje sasa hivi, aache masanduku. Wengi wanapita komyuniti koleji, vyuo vya umma vya miaka miwili, kwa sababu ada yake ni nafuu. Sawa, lakini koleji hizo hazilingani hata kidogo. Ukiingia kichwa kichwa utamaliza miaka na ruzuku, na sare usiivae. Soma haya kabla hujasaini popote.

Anza na kama kazi yenyewe unaruhusiwa. Idara nyingi za polisi bado zinataka uraia. California ililiondoa sharti hilo mwanzoni mwa 2023, ikabakiza kibali halali cha kufanya kazi, na Illinois ikafuata 2024 kwa masharti yake. Kwingineko uliza idara, usiulize koleji. Koleji inaweza kukupokea na grinikadi yako, ikakufundisha mpaka mwisho, halafu idara ikakukataa mlangoni.

Umri nao. California haimpokei polisi mpya aliye chini ya miaka 21.

Rekodi yako ya udereva itafunguliwa. Bangi idara nyingi zitakuuliza, hata kama jimbo lako limeihalalisha. Na hili vijana hawaambiwi: tangu 1996, sheria ya shirikisho inamnyima bunduki yeyote aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, hata kama mahakama iliita kosa dogo. Mtu asiyeruhusiwa kushika bunduki hawezi kuwa polisi. Kama kuna kesi ya namna hiyo nyuma yako, mwone wakili kabla hujalipa ada.

Sasa idhini. Kila jimbo lina chombo chake kinachosimamia mafunzo ya polisi: California ni POST, Texas ni TCOLE, Ohio ni OPOTC, Florida ni tume iliyo chini ya FDLE, idara ya jimbo ya usimamizi wa sheria. Litafute jina la chuo kwenye orodha ya chombo hicho, usiridhike na kipeperushi. Kwa zimamoto, uliza kama vyeti vya msingi vya Firefighter I na II vina muhuri wa IFSAC au wa Pro Board, vyombo vinavyothibitisha vyeti vya zimamoto. Mihuri hiyo miwili inatambulika majimbo mengi, jambo kubwa kwa watu wetu wanaohamahama kufuata ndugu na kazi. Cheti cha polisi hakivuki mpaka wa jimbo kirahisi hivyo.

Hapa ndipo nataka utulie usome polepole, kwa sababu nimemwona mtu akiumia.

Kuna kijana aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wazazi wake Wabembe wa Fizi, Kongo. Alifika Marekani akiwa bado wa shule ya msingi. Tangu sekondari alisema zimamoto, zimamoto, zimamoto. Akajiandikisha koleji ya karibu na kwao kwenye programu yenye picha ya gari jekundu na vijana waliovaa mitungi ya hewa. Akasoma historia ya huduma ya zimamoto, kemia ya moto, ujenzi wa majengo, sheria za kuzuia moto, pamoja na Kiingereza na hesabu za lazima. Usiku akipakia mizigo ghalani. Alimaliza na alama nzuri, mama yake akapika, tukala, tukapiga picha.

Kisha akaenda kuomba kazi. Aliyempokea akaangalia diploma, akamuuliza, "Cheti chako cha Firefighter kiko wapi? Na cha EMT?" Hakuwa nacho hata kimoja. Alinipigia jioni ile: "Mjomba, wanasema nilichosoma siyo mafunzo. Mimi nilisoma nini sasa?"

Alisoma sayansi ya moto. Ni somo halali, na litamsaidia siku akitaka cheo cha kapteni. Lakini hakuwahi kuvuta mpira wenye maji, hakupanda ngazi, hakuingia chumba chenye moshi. Mafunzo ya vitendo yalikuwa programu nyingine kabisa, kwenye koleji ile ile, kwa fomu nyingine na ada nyingine, na hayakupokea mtu asiye na EMT. EMT ni uhudumu wa afya wa dharura. Ni zaidi ya saa 120 za darasa, kisha mtihani. Hawaudai kwa kukusumbua: wito mwingi unaoingia kituo cha zimamoto Marekani ni wa wagonjwa, moto ni sehemu ndogo.

Kisha likaja la pesa. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ina ukomo wa mihula 12 ya kusoma kwa muda wote, maisha yako yote. Yeye alikwisha kula sehemu kubwa, maana alianza na mihula ya Kiingereza. Na hata angekuwa nayo, kozi ya vitendo ilikuwa chini ya saa 600, na kwa kanuni za wakati ule kozi ya hivyo haikupata Pell. Sheria iliyopitishwa 2025 inafungua mlango kuanzia Julai 2026 kwa kozi za saa 150 hadi 599, lakini si zote, ni zile zitakazoidhinishwa. Basi alilipa mfukoni: ada, kukodi mavazi ya moto, buti, vitabu, kipimo cha daktari. Akiwa anadunduliza, cheti chake cha mtihani wa nguvu kikapitwa na wakati, akaurudia na kuulipia upya. Leo yuko kituoni, namshukuru Mungu. Lakini mtoto wa watu alichakaa, na hakuna hata mtu mmoja ofisini aliyemwambia uongo. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza anataka kuwa nani.

Upolisi una mtego huo huo. Digrii ya masuala ya haki na uhalifu ni kitu kimoja, mafunzo ya kuruta yanayokuruhusu kufanya mtihani wa jimbo ni kitu kingine. Minnesota ina utaratibu wake: pale digrii, angalau ya miaka miwili, imo ndani ya masharti ya leseni. Kwa hiyo nenda na swali hili, na jibu wakuandikie kwa baruapepe: "Nikimaliza programu hii, nitaruhusiwa kufanya mtihani gani wa jimbo, na nitatoka na cheti gani mkononi?" Mshauri akianza kukueleza kwamba programu inafungua fursa nyingi, bado hajakujibu. Muulize tena.

Uliza pia cheti kinakaa muda gani bila ajira. California, ukimaliza mafunzo ya msingi ya polisi na miaka mitatu ikapita hujaajiriwa, unarudi kuthibitishwa upya.

Saa za mafunzo: California haikubali chini ya saa 664 kwa polisi, na vyuo vingi vinazidisha. Chuo kinachojisifu kwa kufika kiwango cha chini tu, kiulize kinaacha nini.

Moto wa mafunzo ni moto. Mwaka 1982 askari wawili wa zimamoto walikufa Boulder, Colorado, wakiwa mazoezini, na vifo hivyo vilichangia kuzaliwa kwa NFPA 1403, kanuni ya mazoezi ya moto halisi iliyotoka 1986. Licha ya kanuni hiyo, mwaka 2007 Baltimore ilimpoteza kuruta wa kike ndani ya nyumba iliyochomwa kwa makusudi ya mafunzo. Kwa hiyo usione haya kuuliza. Mkufunzi mmoja anashika wanafunzi wangapi? Kanuni inasema wasizidi watano. Gari la wagonjwa linakuwepo siku ya kuchoma? Omba kuona koti la mavazi ya moto, soma lebo ya ndani: likipita miaka 10 tangu lishonwe, limestaafu. Wakikukatalia kuona vifaa, nenda koleji nyingine.

Mtihani wa nguvu unaotumika sehemu nyingi ni CPAT: vituo 8 ndani ya dakika 10 na sekunde 20, umevaa fulana ya kilo 23 hivi. Cha kwanza ni ngazi za mashine, na pale unaongezewa uzito mwingine wa kilo 11. Anza kupanda ngazi miezi kadhaa kabla. Nasema hili hasa kwa mabinti zetu, ambao wanaambiwa hawataweza na watu ambao hawajawahi hata kuuona mtihani wenyewe. Wanaweza. Wafanye mazoezi ya miguu.

Omba takwimu: walioanza wangapi, waliomaliza wangapi, waliofaulu mtihani wa jimbo, walioajiriwa. Chuo kizuri kinazo.

Na kabla ya yote hayo, piga simu idara ya mji wako. Nyingine zinaajiri kwanza, zinakupeleka mafunzoni huku unalipwa, na koleji huihitaji kabisa. Ila soma mkataba: mara nyingi ukiondoka mapema unadaiwa gharama ulizofundishiwa.

Mwisho, karatasi. Wengi wetu tuliandikishwa kambini kwa haraka, majina yamepinduliwa, tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Jina la kitambulisho, la koleji na la kujisajilia mtihani yafanane herufi kwa herufi, la sivyo utarudishwa mlangoni siku ya mtihani. Rekebisha mapema. Tunza risiti. Jua tarehe ya mwisho ya kurudishiwa ada ukijitoa. Usikubali mtu akujazie kwa malipo fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa ada wa serikali kuu, ni ya bure. Na fomu ya upekuzi wa historia yako ijaze mwenyewe, kwa ukweli, hata lile unaloona aibu kuliandika. Wanaofukuzwa kwa kuficha jambo dogo ni wengi.