Jinsi ya kusoma majibu ya vipimo vya homa ya ini B

Ukipewa karatasi iliyoandikwa "Hepatitis B: Positive" bila jina la kipimo, bado hujapewa jibu. Ugonjwa huu una vipimo kadhaa vya damu. Kipo ambacho chanya yake ni maambukizi, na kipo ambacho chanya yake ni kinga. Kabla hujamwambia mtu yeyote, na kabla hujanunua dawa za "kusafisha ini", rudi maabara uulize: nimepimwa nini hasa?

Hatua ya 1: Tafuta jina la kipimo

HBsAg ni antijeni, yaani protini ya ganda la kirusi chenyewe. Ndiyo inayotafutwa na kile kipimo cha haraka cha kliniki ya wajawazito. Ikiwa chanya, virusi vimo mwilini sasa hivi.

Anti-HBs, ambayo maabara nyingine huiandika HBsAb, ni kingamwili dhidi ya ganda hilo. Ikiwa chanya, una kinga uliyopata kwa chanjo au kwa kuugua ukapona. Angalia herufi ya mwisho kwa makini: HBsAg na HBsAb zinatofautiana kwa herufi hiyo moja, na wapo wanaokosa usingizi kwa karatasi inayosema wamekingwa.

Anti-HBc (HBcAb) ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi. Chanjo haina kiini hicho, kwa hiyo chanjo haiwezi kuifanya iwe chanya. Ikiwa chanya, kwa kawaida virusi halisi viliwahi kukuingia.

Hatua ya 2: Hakikisha kipimo kimefanywa sawasawa

Kwenye kipimo cha haraka, mstari wa C (wa kuthibitisha kuwa kifaa kinafanya kazi) lazima utokee. Usipotokea, kipimo kimeharibika hata kama T (mstari wa jibu lenyewe) imeonekana, na kinarudiwa kwa kifaa kipya. Mstari hafifu wa T uliosomwa ndani ya muda ulioandikwa na mtengenezaji ni chanya. Usikubali kuambiwa "ni kidogo tu". Kikiachwa mezani muda mrefu kisha kisomwe, kinaweza kuonyesha mstari wa uongo.

Kama ulichanjwa hivi karibuni, sema. Antijeni ya chanjo yenyewe inaweza kuonekana kwenye HBsAg hadi siku 18 baada ya sindano. Na kama ulikutana na hatari wiki chache zilizopita, hasi ya leo haitoshi, kwa sababu HBsAg huchukua wiki kadhaa kujitokeza.

Hatua ya 3: Soma vitatu kwa pamoja

- Vyote hasi: huna virusi wala kinga ya kutosha. Chanjwa, ratiba ya kawaida ya mtu mzima ni dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu mwezi wa 6.
- Anti-HBs pekee chanya: kinga ya chanjo. Kiwango cha 10 mIU/mL au zaidi, kikipimwa mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, kinatosha.
- Anti-HBs na anti-HBc chanya, HBsAg hasi: uliambukizwa zamani ukapona. Mwambie daktari ukiwa utapewa dawa za saratani au za kushusha kinga, maana virusi vinaweza kuamka.
- Anti-HBc pekee chanya: hapa usijitafsirie. Huenda ni maambukizi ya zamani, virusi vilivyojificha, kipindi cha kupona, au kosa la kipimo.
- HBsAg na anti-HBc chanya: una maambukizi. Nenda hatua ya 4.

Hatua ya 4: Ni mapya au ya kudumu?

HBsAg ikibaki chanya kwa zaidi ya miezi 6, maambukizi ni ya kudumu. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida hupona mwenyewe. Kwa mtoto mchanga, takriban 90 kati ya 100 hubaki na virusi. Tanzania iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo anaweza kuwa na virusi tangu utotoni bila dalili yoyote. Usikae tu ukisubiri miezi 6 ipite. Vipimo vya ini vianze mara moja.

Hatua ya 5: Pima hali ya ini

Omba ALT na AST (vimeng'enya vinavyopanda ini likiumia), chembe sahani (platelets), na wingi wa virusi (HBV DNA) kama unapatikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaweka kikomo cha ALT kuwa 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Karatasi nyingi za maabara huchapa kikomo cha juu zaidi, hivyo ALT ya 35 huonekana salama wakati sivyo. HBV DNA zaidi ya 2,000 IU/mL pamoja na ALT iliyopanda ni sababu ya kuanza dawa.

Kovu la ini unaweza kulikadiria kwa APRI: gawanya AST kwa kikomo chake, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe sahani (zikihesabiwa kwa maelfu). AST 60, kikomo 40, chembe sahani 200: 1.5 × 100 ÷ 200 = 0.75. Zaidi ya 0.5 kwa mtu mzima, mwone daktari kuhusu matibabu.

Mwenye VVU pia anatibiwa bila kusubiri namba hizo, na asiache ARV zenye tenofovir (dawa inayozuia pia virusi vya homa ya ini B) kiholela, kwani ini linaweza kuwaka ghafla. Mjamzito mwenye HBsAg chanya aulizie tenofovir mapema, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mwenza na watoto wa nyumbani wapimwe pia.