Kabla hujanunua mota ya geti, anza na geti lenyewe

Juzi kati nimeitwa nyumba moja Mbezi, jamaa kashanunua mota Kariakoo, iko kwenye boksi sebuleni, anataka tu nije nifunge nichukue changu niondoke. Nikamwambia twende kwanza getini, sukuma kwa mkono nione. Akasukuma, kimya. Akamuita mlinzi, wakasukuma wawili ndo likaanza kusogea huku linalia mtaa mzima unasikia. Nikamwambia bro hili geti linaumwa, mota sio dawa. Akaniona nataka kumla hela tu, akamtafuta fundi mwingine akamfungia, haikufika miezi miwili akanipigia mwenyewe, meno ya gia yameisha yamekuwa laini kama sabuni.

Kwahiyo mimi ukiniuliza "fundi ninunue mota gani" sikutajii kampuni, nakuuliza kwanza geti lako likoje. Nachomelea mageti na kufunga mota hapa Dar, na mota karibu zote ninazoitwa kurekebisha hazikuwa mbovu, zilifungwa kwenye geti bovu au zilichaguliwa kwa kuangalia bei. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Sukuma geti

Hapa naongelea geti la kuslaidi kwa sababu ndo yamejaa. Lifungue na ulifunge kwa mkono mmoja, mwanzo mpaka mwisho, usikilize. Linatakiwa liende lenyewe ukishalisukuma mara moja. Ukitaka kupima vizuri chukua ile mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, ifunge kwenye geti kwa kamba uvute taratibu uone linaanza kutembea kwenye kilo ngapi. Mimi likianza chini ya kilo 15 naridhika, likifika 25 au 30 siongelei mota kabisa, tunaanza na magurudumu, bearingi zimekufa, au reli imepinda, au zege la reli limetitia, au ni mchanga na mawe tu yamejaa kwenye reli na hakuna anayefagia.

Angalia na stopa. Yani kile chuma kinachochomelewa mwisho wa reli pande zote mbili ili geti lisitoke. Nimekuta mageti mengi hayana, wanasema mota itasimamisha yenyewe. Siku mota imeachiliwa, yani imefunguliwa isishike geti, geti linasukumwa kwa mkono, mtoto anachezea, likivuka mwisho linalala chini na kilo zake zote. Usifunge mota kwenye geti lisilo na stopa, hata fundi akikuambia haina shida.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito

Watu wanakadiria kwa macho, wanakosea. Hesabu yenyewe ni rahisi, shiti ya chuma ya milimita 1.5 ina kama kilo 12 kwa kila mita ya mraba, ya milimita 2 ni karibu 16. Chukua geti la mita 4 kwa mita 2.2, hiyo ni mita za mraba 8.8, kwa shiti ya 1.5 unapata kama kilo 105. Ongeza fremu ya boksi paipu, na za katikati, hapo weka kilo 70 mpaka 80. Jumla 180 na kitu. Sasa ukiwa umeweka shiti pande zote mbili kama wengi wanavyopenda siku hizi, ongeza 105 nyingine, umefika karibu 290, bado maua ya kukata na leza na mikuki ya juu.

Ile namba kwenye boksi la mota, kilo 500 au 800, maana yake mota inaweza kuvuta geti la uzito huo likiwa kwenye reli iliyonyooka na magurudumu mazima. Sio kwenye reli yako ya Goba inayopanda kilima. Mimi naacha nafasi, geti la kilo 290 nalifungia mota ya 500 au 600. Nani alikufa kwa kuwa na nguvu zaidi.

Kama geti ni la mabawa mawili ya kufungua ndani habari ni nyingine, pale unatumia mota za mikono, yani vyuma virefu vinavyosukuma kila bawa, na kinachoangaliwa zaidi ni urefu wa bawa na upepo (shiti nzima bila tundu ni tanga la jahazi) na nguzo. Nguzo ya tofali isiyo na nondo ndani itapasuka, mkono unaisukuma kila siku. Na wale wenye gereji ya ukweli yenye shata la kukunja juu, ile inatumia mota inayoingia kwenye bomba la shata lenyewe, usikubali kuuziwa mota ya geti.

Hatua ya 3: Umeme, hapa ndo pa kufikiria sana

Mota ziko za aina mbili. Kuna zinazokula umeme wa ukutani moja kwa moja, volti 230, na kuna za volti 12 au 24 ambazo ndani zina chaja na betri. Ile ya ukutani ni ya bei poa kidogo na ina nguvu, ila Tanesco wakikata, au Luku imeisha saa tano usiku uko nje kwenye mvua, unashuka kwenye gari. Utaniambia nina inveta. Sawa, lakini mota ya namna hiyo ikianza inavuta umeme mwingi kwa ghafla, inveta ndogo inazima. Halafu ikifunguliwa mfululizo inapata joto inajizima mpaka ipoe, siku ya kitchen party watu wanaingia wanatoka geti linagoma ukadhani imeungua.

Kwa nyumba ya kawaida hapa kwetu nakushauri ya betri, basi. Umeme ukikatika inaendelea kufungua mara nyingi tu, na hata solapaneli ndogo unaweza kuiwekea kama geti liko mbali na nyumba. Kasoro yake ni betri, hizi za 12V 7Ah zinakaa miaka miwili mitatu zinachoka, na watu hawabadilishi, wanakuja kulalamika mota mbovu. Pima na mita, chaja ikiwa imetolewa na betri imepumzika inatakiwa isome 12.6 na kuendelea, ikiwa chini ya 12 nenda kanunue nyingine.

Ya aina yoyote ile weka sajiprotekta. Umeme ukirudi kwa kishindo kinachoungua ni bodi, ile sakiti inayoendesha mota, na bodi inaweza kukaribia bei ya mota nzima.

Hatua ya 4: Rimoti

Muulize muuzaji swali moja tu, hii rimoti inakopika? Akijibu kwa furaha "ndio, popote pale unakopi" wewe weka chini. Maana kama kijana wa kibandani anaikopi kwa dakika moja na mwizi anaikopi. Tafuta yenye namba ya siri inayobadilika kila ukibonyeza. Na ukipoteza rimoti, au dereva kaacha kazi, ifute kwenye bodi siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Macho na kugeuka

Zile sensa mbili za kutazamana zinazosimamisha geti mtu akipita, wateja wengi wananiambia toa punguza bei. Sitoi. Marekani mota za milango ya gereji za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1993 lazima ziwe na kinga ya kuzuia mlango usimbane mtu, ni sheria, na walifika huko baada ya watoto kufa. Sisi tuna watoto wanaokimbilia gari la baba likiingia. Ukishafungiwa jaribu mbele ya fundi kwa boksi la karatasi, usijaribu kwa mguu, geti likigusa boksi linatakiwa ligeuke. Kama linaliponda, mwambie apunguze nguvu kwenye bodi kabla hujamlipa.

Hatua ya 6: Pa kuifunga

Msingi wa zege uinuke juu ya ardhi sentimita 10 mpaka 15, masika ikija maji yasiifikie. Waya upite kwenye paipu chini, sio kuning'inizwa ukutani. Kwa wa Kigamboni, Mikocheni, popote chumvi inapofika, chukua reki (ule mstari wa meno kwenye geti unaoshikwa na gia ya mota) ya chuma iliyopigwa zinki na uiangalie kutu, na usiipake grisi, inashika mchanga inakuwa msasa. Na kubwa kuliko, ziba kila tundu la boksi la mota kwa silikoni. Adui namba moja wa bodi hapa Dar ni mjusi na sisimizi. Wanafuata joto, wanalala juu ya bodi, shoti, kwisha. Nimetoa mijusi mikavu mingi kuliko kapasita zilizokufa.

Kampuni? Za Italia kama Nice, BFT na FAAC na za Afrika Kusini za Centurion nimezizoea, za Kichina nazo zipo zinazodumu, ila mimi naangalia kama mjini kuna bodi na gia za kubadilisha. Muuzaji akikosa spea hata moja dukani, mota yake ikifa umenunua chuma chakavu.

La mwisho, mota nyingi zinakuja na ufunguo wa kuiachilia ili usukume kwa mkono. Yule jamaa wa Mbezi wake ulikuwa kwenye droo ya chumbani, na nyumba haina mlango mdogo wa pembeni, siku gia imekufa yeye yuko nje mlinzi yuko ndani hana ufunguo wa nyumba. Akaruka ukuta na suti. Mpe mlinzi mmoja, na mwingine uuweke kwenye gari.