Kabla hujafunga kamera za intaneti dukani

Kununua ni kazi ndogo: kamera nne, mashine ya kurekodi, swichi ya PoE inayopitisha umeme na picha kwenye waya mmoja, diski, boksi la waya. Tabu huanza pale mwenye duka anapomwambia fundi "wewe funga tu", kisha anarudi kuhudumia wateja. Usimwachie.

Waya wa mtandao uwe wa daraja la Cat6, wa shaba tupu. Boksi za bei poa huandikwa CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe ndani, rudisha boksi. Alumini hupoteza umeme mwingi njiani. Kamera itaonyesha vizuri mchana kutwa, giza likiingia na taa zake za usiku zikiwaka, inahitaji umeme zaidi na haiupati, basi inazima na kuwaka mpaka asubuhi. Watu hubadilisha kamera mbili kabla ya kuushuku waya. Kutoka swichi hadi kamera usizidishe mita 100.

Jumlisha wati. Swichi ya matundu manane yenye wati 60 kwa jumla haibebi kamera nane za wati 10.

Diski iwe ya kamera, si ya kompyuta ya mezani. Kamera moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne kwenye diski ya terabaiti 2 zinakupa siku 11 hivi, halafu rekodi za zamani zinaanza kufutwa.

Weka UPS, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, hata ndogo. Kwa mashine, swichi na ruta pia.

Hili linalofuata usilipite. Ili uone duka kwa simu, mashine lazima isajiliwe kwenye akaunti. Fundi hutoa simu yake, anaskani stika ya QR iliyobandikwa chini ya mashine, sekunde chache tu na picha nne za duka lako zinatokea kwenye kioo. Kisha anakutumia mwaliko. Unafurahi, unalipa. Kumbe mashine ni yake kwa usajili, na wewe ni mwalikwa. Siku mkigombana kuhusu bei anaweza kukutoa, au akanyamaza na kuendelea kutazama droo ya pesa, saa unayofunga, na nani anabaki ndani. Akiibiwa simu, aliyeiiba anaona pia. Kubonyeza riseti kwa kawaida hakusaidii: kunafuta mipangilio ya mashine, ilhali usajili umekaa kwenye seva za mtengenezaji, naye atadai risiti na namba ya mashine ndipo aufute. Asiye na risiti huishia kununua mashine nyingine.

Kwa hiyo fungua akaunti mwenyewe siku moja kabla, kwa barua pepe yako. Skani stika kwa simu yako. Fundi akitaka kujaribu, mwalike, na akimaliza mtoe palepale mkiwa wote wawili. Nenosiri la admin uliandike wewe, herufi 12 au zaidi, kisha fungua orodha ya watumiaji uhakikishe hakuna jina la pili.

Nenosiri la kiwandani lisibaki hata saa moja kwenye intaneti. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi nyingi mno kwa kujaribu orodha fupi ya manenosiri ya kiwandani tu. Mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuiangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa, hasa Marekani. Zima UPnP kwenye ruta, huduma inayoruhusu vifaa kujifungulia poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti. Usikubali fundi afungue poti "ili picha zije haraka". Wi-Fi ya wateja itenganishwe na ya kamera.

Rekebisha saa, GMT+3. Rekodi yenye saa ya uongo italeta maswali polisi. Zima maikrofoni kama huna sababu ya kurekodi maongezi, na bandika tangazo mlangoni: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kamera isielekee dirisha la jirani wala chumba cha kubadilishia nguo. Waya unaotoka jengo moja kwenda jingine uwekewe kinga ya radi. Ngazi ishikwe na mtu, na meni swichi izimwe kabla ya kutoboa ukuta wenye nyaya.