Katriji za kujaza upya: wino upo, chipu inasoma imejaa, karatasi inatoka nyeupe

Juzi jirani yangu alikuja amekumbatia printa yake. "Kaka, hii imekufa. Inasema wino umejaa, lakini ukurasa wa kwanza unatoka vizuri, wa tatu una mistari, wa tano hauna kitu." Alikuwa ameshasafisha kichwa cha kuchapa mara tisa kupitia menyu. Tatizo lilikuwa kizibo kidogo kuliko punje ya mahindi. Nami niliwahi kupoteza usiku mzima kwa kizibo kama hicho, kwa hiyo naandika hatua zote kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua hizi ni za katriji za plastiki angavu zenye chipu inayojiriseti yenyewe, kwenye printa ambazo kichwa cha kuchapa kinabaki ndani ya mashine. Katriji zilizojengewa kichwa chake zina mambo mengine.

Hatua ya 1: Usiiamini chipu, tazama wino

Chipu haina macho. Katika printa nyingi za aina hii, mashine huhesabu matone inayorusha, pamoja na wino unaotumika kusafisha kichwa, kisha hesabu hiyo huandikwa kwenye chipu. Hesabu ikiisha, printa inatangaza kwamba wino umekwisha. Ukiitoa katriji na kuirudisha, chipu inajiriseti na kusoma imejaa, hata kama hukuongeza tone.

Kwa hiyo itoe katriji, iinue kwenye mwanga. Wino ukishuka chini ya theluthi moja, jaza. Ukijaza mapema, kipimo kwenye skrini hakitapanda mpaka hesabu ya zamani iishe, na hilo si kosa.

Hatua ya 2: Printa ikikataa katriji

Chipu moja isiyosomeka inatosha kuifanya printa igome kabisa, hata kama nyingine ni nzima. Tumia utaratibu wa kubadilisha katriji ulio kwenye menyu ili kichwa kijisogeze chenyewe. Usikisukume kwa mkono. Toa katriji inayolalamikiwa, subiri sekunde kumi, irudishe na uibonyeze mpaka usikie mlio.

Ikikataa tena, futa sehemu za dhahabu za chipu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye alkoholi ya isopropili kidogo. Kisha itazame chipu kwa ubavu. Mara nyingi imeinuka upande mmoja au imesogea kidogo kwenye vishikizo vyake, na pini za printa haziigusi sawasawa. Usijaribu kuazima chipu ya rangi nyingine, kwa sababu kila moja imeandikiwa rangi yake.

Katriji za awali zilizokuja na printa usizitupe, hata zikiwa tupu. Rudisha moja kwenye nafasi inayosumbua. Printa ikisema "wino umekwisha" badala ya "haitambuliki", pini za printa ni nzima na mbovu ni chipu yako. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, maana hakigharimu kitu.

Kama chipu zote zilikuwa zinafanya kazi na zimekataliwa kwa pamoja baada ya printa kujisasisha kupitia intaneti, usihangaike na kitambaa. Programu ya ndani ya printa imebadilika na haizikubali tena. Utahitaji chipu za toleo jipya. Mimi huzima usasishaji wa moja kwa moja siku ileile ninayoweka katriji hizi.

Hatua ya 3: Hewa

Hapa ndipo watu wanapoteza wino na usingizi.

Katriji ina matundu mawili juu: la kujazia wino na la hewa. Wakati wa kuchapa, la kujazia lazima lizibwe kabisa na la hewa lazima liwe wazi. Wino unapotoka chini, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu la hewa likizibwa, ndani kunajengeka mvuto unaorudisha wino nyuma, rangi inapauka na hatimaye haitoki. Kizibo cha kujazia kikilegea, hakuna kinachoushikilia wino: utadondoka na kuchafua rangi za jirani.

Kosa huzaliwa wakati wa kujaza, kwa sababu aina nyingi zinataka ufunge tundu la hewa kwanza, ufungue la kujazia, ujaze, ulifunge, ndipo ufungue la hewa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Usiku wangu ule nilidhani nozeli, yaani vitundu vya kichwa vinavyorusha wino, zimeziba, nikasafisha kichwa tena na tena. Kila usafishaji hupeleka wino kwenye pedi ya wino taka, na printa huhesabu huo pia. Hesabu ikijaa, inagoma mpaka pedi ishughulikiwe. Kabla ya kusafisha, chapa ukurasa wa kukagua nozeli mara tatu mfululizo. Mapengo yakibaki palepale, nozeli zimeziba kweli. Yakihamahama au yakizidi kila ukurasa, wino haufiki. Iache printa nusu saa: ukurasa wa kwanza ukitoka vizuri kisha rangi ikapauka tena, nenda moja kwa moja kwenye tundu la hewa.

Huenda kizibo umekitoa na bado pamezibwa. Ukijaza kupita kiasi au ukiilaza katriji, wino huingia kwenye njia ya hewa na kukauka. Uvute taratibu kwa bomba la sindano. Usichokoe kwa sindano yenyewe, maana baadhi zina kichujio chini yake. Na ile filamu angavu inayofunika mifereji ya hewa usiibandue kamwe.

Kisha toa hewa iliyobaki kwenye mdomo wa katriji. Weka bomba lisilo na sindano, lenye ncha ya mpira, kwenye mdomo wa kutolea wino, vuta polepole mpaka wino uje bila mapovu. Mililita mbili au tatu zinatosha. Ukiachia mpini wa bomba nao ukarudi wenyewe kwa nguvu, tundu la hewa bado limezibwa.

Rudisha katriji, safisha kichwa mara moja, kagua. Sivuki mara tatu. Zaidi ya hapo naiacha mpaka kesho, mapovu yapande yenyewe. Kwa printa za Canon na HP, zinazorusha wino kwa joto, usiendelee kuchapa rangi ikiwa imekatika, kwa sababu wino ndio unaopoza vipashajoto vya kichwa. Epson na Brother hutumia vichwa vya piezo, vinavyosukuma wino kwa mtikisiko badala ya joto, havichomeki hivyo, lakini hewa ikishaingia ni kazi kuitoa.

Hatua ya 4: Kujaza

Polepole, usifike ukingoni, bomba moja kwa kila rangi. Wino wa pigmenti (wenye chembe ndogo za rangi) usiuchanganye na wa dai (wenye rangi iliyoyeyuka).

Jirani yangu sasa anabandika vizibo vya hewa kwa utepe kwenye chupa ya wino mweusi. Akihesabu vinne, ndipo anafunga mfuniko wa printa.