Somo: Sufuria moja ya maharagwe, chakula cha mchana cha wiki nzima kazini

Kila wiki naulizwa jambo lilelile: nabeba nini, na mbona hakichachi? Naandika mara moja tu.

1. Jumamosi usiku chambua maharagwe kilo moja, loweka. Asubuhi mwaga maji hayo.

2. Chemsha kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Usiyaunge. Yasiyoungwa utayageuza utakavyo.

3. Gawa vibakuli vinne: viwili friji, viwili friza.

4. Poza kabla ya kufunika. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilipakia wali na maharagwe ya moto saa kumi na mbili asubuhi, nikakaza mfuniko, nikavingirisha kwa kitenge. Saa saba nafungua: povu jeupe pembeni, na utelezi unafuata kijiko kama uzi. Kwa kuona uchungu wa kumwaga nikala vijiko viwili. Nilitapika hadi jioni. Chakula cha uvuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60, ndiyo nyumba ya vijidudu. Wali una hatari zaidi: mbegu za kijidudu chake hazifi kwa kuchemshwa, na kikishatoa sumu, kupasha moto hakuiondoi. Basi tandaza kwenye sinia, kipoe upesi, kiingie friji kabla saa mbili hazijapita tangu kiive. Ukitaka kubeba cha moto, jaza chupa ya chakula (themosi) maji yanayochemka kwa dakika kumi, mwaga, tia chakula kinachotokota. Cha vuguvugu usibebe kamwe.

5. Jumatatu yaunge kwa nyanya, kula na posho (ugali) na dodo (mchicha). Jumanne kikomando: chapati ya kukatakata, maharagwe juu. Jumatano tia karanga za kusaga, kula na viazi vitamu. Alhamisi katogo ya muhogo, yaani muhogo na maharagwe katika sufuria moja. Ijumaa yapumzishe, beba matoke (ndizi za kupika) na mukene (dagaa).

MASWALI

Mama Pacha: Mwalimu, sina friji. Nifanyeje?
— Dada yangu, usikate tamaa. Mchuzi wa karanga unapikika asubuhi hiyohiyo, hauchukui hata saa nzima. Utie kwenye chupa ukitokota. Viazi chemsha asubuhi pia. Ongeza yai la kuchemsha ambalo hujalimenya na ndizi mbivu.

Kijana wa Nakawa: Nina haraka asubuhi, nifunike tu yakiwa moto?
— Soma hatua ya 4.

Kijana wa Nakawa: Lakini wali uliolala mezani nikiupasha sana?
— Nimeshaandika: sumu haiondoki. Umwage.

Bi Jinja: Mbona mchuzi wangu wa karanga hutoa mafuta ukipashwa?
— Swali zuri. Moto ni mkali. Tia maji ya moto kidogo, punguza moto, koroga polepole hadi ushikane tena. Mchuzi huzidi kuwa mzito ukilala, kwa hiyo uupike mwepesi kuliko unavyoupenda.

Fundi Cherehani: Na harufu ya mukene ofisini?
— Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, kaanga wakauke kwanza, kamulia ndimu.

Mama Pacha: Mimi matoke nafunga kwa jani la mgomba. Nalibabua motoni kwanza lilegee, halipasuki. Yanabaki laini hadi mchana.
— Asante, mama. Mimi yangu yalikuwa yakikakamaa. Jani moja linafunga ya watu wangapi?

Mama Pacha: Likiwa pana, wawili. Ondoa ule uti wa kati.