Lenzi ya kupigia picha wadudu: angalia nafasi kwanza

Kama wadudu ndio shabaha yako, usikimbilie lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya mm 60 kwa sababu ya bei tu. Ukifika ukubwa wa 1:1, yaani mdudu anatokea kwenye sensa (sehemu ya kamera inayonasa picha) kwa ukubwa wake halisi, mdomo wa lenzi unabaki chini ya sentimita 10 kutoka kwa mdudu. Kereng'ende hakusubiri, na kivuli chako kimeshamfunika. Ya mm 100 inakuachia kama sentimita 13 hadi 15, na hapo hata flashi inapata njia. Zile sentimita 30 zinazoandikwa kwenye boksi kama umbali wa karibu zaidi wa kufokasi zisikuchanganye: hupimwa kuanzia kwenye sensa, ndani ya kamera, si kwenye kioo cha mbele.

Mfuko haujatuna? Tafuta vipete vya kurefusha, vile vinavyokaa kati ya kamera na lenzi. Kipete cha mm 25 nyuma ya lenzi ya mm 50 kinakupa kama nusu ya ukubwa halisi. Chukua vyenye viunganishi vya umeme hata kama vimezidi bei kidogo, maana bila hivyo lenzi nyingi za kisasa hazikubali kubadilishwa f (uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga). Anzia f/8, na fokasi iwe kwenye jicho.